Picha kwanza, kisu baadaye: skani katika kuchunguza vifo vya mifugo

Ng'ombe akifa ghafla, na jana jioni alikuwa akicheua vizuri, majirani huanza kuulizana nyama itauzwa bei gani. Daktari wa mifugo yeye aanze na sikio. Choma mshipa wa nyuma ya sikio kwa sindano, pata tone la damu, litandaze kwenye slaidi mbili, kisha ziba tundu kwa pamba iliyolowa dawa ya kuua vijidudu. Slaidi iachwe ikauke, itiwe alkoholi, halafu ipakwe rangi ya buluu ya methilini iliyokomaa kwa sekunde 30 hadi dakika 1. Chini ya darubini, bakteria wa kimeta ni vijiti vya buluu vyenye ncha butu kama vimekatwa kwa msumeno, vimefuatana kama mabehewa ya treni, na vimezungukwa na utando wa rangi ya waridi. Ukiviona hivyo, hakuna skani, hakuna kupasua, hakuna kupakia mzoga kwenye pikapu. Mpigie simu afisa mifugo wa wilaya, na shimo la kumzika lisipungue kina cha mita 2.

Tunaanza na kimeta katika makala inayohusu skani kwa sababu hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Wapo wanaosema skani ni salama kwa kuwa haifungui mzoga. Ni kweli nusu. Mzoga wa kimeta ukiachwa mzima, vijiti vilivyomo hufa vyenyewe nyama inapooza. Hewa ndiyo inayoviwezesha kugeuka mbegu sugu zinazokaa ardhini miaka mingi. Lakini mzoga huohuo hutoa damu isiyoganda puani na mkunduni, na safari ya saa mbili kwenye barabara ya vumbi inatosha kuimwaga njia nzima hadi mlangoni mwa chumba cha mashine. Uganda inakijua kimeta: mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mwaka 2023 kiliwapata watu wilayani Kyotera. Hakuna sababu ya kukipeleka hospitalini kwa gari.

Slaidi nayo ina mitego miwili. Baada ya saa 24 hivi, mzoga ukiwa umeanza kuoza, vijiti vimeshapungua na slaidi safi haithibitishi kitu. Na kwa nguruwe, damu mara nyingi haionyeshi chochote hata siku ya kwanza. Chukua majimaji ya uvimbe wa kooni.

Mashine inapima nini

Skani ya CT huzungusha mionzi ya eksirei kuuzunguka mwili na kuhesabu ni kiasi gani cha mionzi kimezuiwa katika kila nukta. Aliyeitengeneza, Godfrey Hounsfield, alikulia shambani Nottinghamshire nchini Uingereza, na majaribio yake ya mwanzo yalitumia bongo za ng'ombe zilizotoka machinjioni. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Kwa hiyo ng'ombe alitangulia, binadamu akafuata. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Bern, Uswisi, walianza kuitumia skani kwa utaratibu maalumu kuchunguza maiti za binadamu kabla ya kupasuliwa, na tunayoyafanya kwa mifugo yametoka huko.

Kipimo chenyewe kinaitwa yuniti za Hounsfield, na anayeichunguza mizoga anapaswa kuwa nazo kichwani kama mpishi anavyoujua moto. Hewa ni -1000. Mafuta ni karibu -100. Maji ni 0. Majimaji yaliyovuja kifuani au tumboni kwa kawaida huwa kati ya 0 na 20. Damu ya majimaji ni 30 hadi 45, iliyoganda hufika 60 hadi 80. Mfupa huanza mia kadhaa na kupita 1000. Chuma hupita 3000 na huacha miale mieupe inayoharibu kila kitu kando yake. Jicho linaona kijivu na kijivu tu; namba ndiyo inayosema kama kilichojaa kwenye mfuko wa moyo ni damu au ni maji.

Kikomo cha kwanza ni ukubwa. Tundu la mashine nyingi lina upana wa sentimita 70, na meza nyingi hubeba kilo 200 na kitu. Mbuzi, kondoo, ndama, nguruwe wa kawaida na kuku wanaingia. Ng'ombe mzima wa Ankole, na zile pembe zake, haingii, na hakuna ujanja wa kumwingiza. Yeye tutamrudia.

Kuutayarisha mzoga

Andika kabla ya kugusa: saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, saa alipokutwa amekufa, na amelalia ubavu gani. Hili la ubavu huonekana dogo kwa mfugaji lakini ndilo linaloamua kama mapafu yatasomeka. Paka rangi ubavu uliokuwa chini, na safarini alalie ubavu uleule. Vijana wa kupakia wakimgeuza mara tatu ili mlango wa pikapu ufungike, damu iliyokuwa imetulia inahama, na picha itakuwa na majibu mawili kwa swali moja.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Tumbo kuu la mnyama anayecheua ni pipa la kuchachusha lenye joto la nyuzi 39 hivi, na halipoi mnyama anapokufa. Linaendelea kupika. Katika joto la Soroti au Moroto, mzoga wa asubuhi umeshavimba kufikia mchana. Picha zinazosomeka vizuri ni za saa 6 za mwanzo baada ya kifo. Hadi zitimie saa 12 tangu kifo bado kuna kazi. Zaidi ya hapo mifupa na vyuma tu ndivyo vya kuaminika. Barafu ikipatikana, iwekwe juu ya tumbo na chini ya kwapa, si miguuni. Usiugandishe mzoga: maji yakiwa barafu namba zote hushuka na tishu hupasuka.

Vua njuga, mnyororo na hereni yenye chuma. Kunja miguu na kuifunga kwa kamba ya katani mapema, kabla mwili haujakakamaa, kwa sababu mbuzi aliyekakamaa miguu imenyooka atakwama kwenye tundu hata kama ana kilo 25 tu. Usitumie waya. Kisha mfuko mzito wa plastiki, mfuko wa pili juu yake, na mkanda wa gundi kwenye kila mshono. Plastiki haionekani kwenye skani kiasi cha kusumbua, kwa hiyo hakuna sababu ya kuufungua mfuko ndani ya chumba cha mashine.

Jambo linalosahaulika karibu kila mara: alama ya kushoto. Mashine imetengenezwa kwa mtu aliyelala chali, na fundi akiacha chaguo hilo wakati mbuzi amelala kifudifudi, kulia na kushoto hubadilishana kwenye picha. Kwa mnyama ambaye tumbo kuu liko kushoto kosa hilo hugundulika haraka, lakini kwa kifua pekee, au kichwa, linaweza kupita. Bandika bomba la sindano la mililita 10 lililojaa maji kwenye ubavu wa kushoto, ndani ya mfuko. Litaonekana kama mche mwembamba wenye namba 0, haliachi miale, na halidanganyi.

Mashine zenyewe Uganda ziko katika hospitali za binadamu, na wagonjwa ndio wenyewe. Hilo lisijadiliwe. Panga kwa maandishi, nenda usiku baada ya foleni kuisha, beba shuka lako la plastiki la kutandika mezani na dawa yako ya kusafishia, na uondoke na kila ulichokuja nacho. Mzoga unaoshukiwa kuwa na ugonjwa unaoambukiza watu usiende huko kabisa: kichaa cha mbwa, kimeta, homa ya bonde la ufa. Homa ya bonde la ufa ilithibitishwa Kabale mwaka 2016, na vijusi vilivyotupwa ni miongoni mwa vitu hatari zaidi kushika bila glavu. Ng'ombe au mbuzi kadhaa wakitupa mimba wiki moja, acha wazo la skani.

Kwa fundi, maelezo ni mafupi. Picha ya mwongozo kwanza, ya juu na ya ubavu. Kisha kilovolti 120, vipande vya milimita 1 hadi 1.25, kutoka puani hadi mkiani bila kukatisha, na zitengenezwe seti mbili: ya tishu laini na ya mfupa na mapafu. Mzoga hauhemi na haudhuriki kwa mionzi, kwa hiyo hakuna haja ya kubana kipimo. Tatizo pekee ni joto la bomba la mashine. Ikibidi, ipumzishwe katikati.

Gesi: shahidi mzuri aliye mwongo

Kisu kikishaingia, gesi imeondoka. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za kupiga picha kwanza, na ndilo eneo lenye makosa mengi zaidi.

Chukua ugonjwa wa chambavu. Ndama wa miezi 6 hadi miaka 2, mwenye afya kuliko wenzake, anakutwa amekufa na paja moja limevimba. Kwenye skani, gesi imejipenyeza katikati ya nyuzi za msuli kama manyoya ya ndege, mistari myeusi inayofuata mwelekeo wa nyama, ikijaza paja au bega moja na kuacha lile la upande wa pili. Sasa angalia ini. Kama mishipa ya ini bado ni safi, au ina weusi kidogo tu, gesi ya pajani imetangulia kuoza na ina maana. Kama ini limechorwa matawi meusi kila upande, moyo una hewa, na kuta za utumbo zina mapovu, basi ni kuoza kwa kawaida na paja halikuambii kitu. Kuoza huanzia kwenye utumbo na kusambaa kwa mishipa ya damu pande zote. Ugonjwa huchagua mahali. Sheria hii ni nzuri kwa saa chache tu. Kesho yake mizoga yote miwili inafanana.

Uvimbe wa tumbo ni mgumu zaidi. Kila mzoga wa mnyama anayecheua huvimba, kwa hiyo tumbo kuu lililojaa gesi kwenye picha si ushahidi wa kufa kwa kujaa gesi. Kinachotenganisha ni mambo mawili: je, gesi ni mfuko mmoja juu ya malisho, au ni povu lililochanganyika na malisho yote? Povu la mnyama aliyekula majani machanga ya jamii ya kunde huonekana kama sponji, vijitundu vidogo kila mahali. Hata hivyo alama ya uhakika zaidi iko kwenye umio: sehemu ya shingoni imejaa damu na nyekundu, sehemu ya kifuani imepauka, na mstari unaozitenganisha uko pale unapoingilia kifua. Skani isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa haiuoni mstari huo. Jicho na kisu vinauona kwa dakika moja.

Halafu kuna mtego wa nyumbani. Mnyama akizidiwa, mara nyingi huwahiwa kwa kisu ili nyama isipotee. Mshipa wa shingo ukikatwa angali na pumzi, hewa hunyonywa hadi moyoni, na damu humwagika. Kwenye skani utaona moyo una hewa, mshipa mkuu umesinyaa, mwili hauna damu. Asiyeambiwa habari ya kisu ataandika kwamba mnyama alivuja damu ndani, au alipata hewa kwenye mishipa. Kwa hiyo muulize mwenye mnyama kwa upole, na uulize mara mbili, kwa sababu wa kwanza kujibu huwa anaogopa: je, mzee, alichinjwa au alikufa mwenyewe?

Mapafu yaliyokufa hufanana na mapafu yenye ugonjwa

Mnyama hafi akiwa amevuta pumzi. Mapafu hunywea, damu hushuka upande wa chini, na picha nzima huonekana kama nimonia. Daktari wa picha za binadamu, hata aliye bora, akipewa mbuzi bila maelezo atasema nimonia kila mara.

Njia ya kutofautisha ni kuuliza weupe unamfuata nani. Damu iliyoshuka hufuata uvutano wa dunia: mpaka wake ni mlalo ulionyooka, weupe chini na weusi juu, ukikatiza sehemu zote za pafu bila kujali. Ndiyo maana tuliweka rangi ubavuni. Nimonia hufuata pafu lenyewe: hukaa sehemu za mbele na chini, karibu na moyo, hata kama mnyama alilalia ubavu au mgongo. Dawa iliyomwagwa mapafuni hukaa hapohapo. Mfugaji anamnywesha ndama dawa ya minyoo au mafuta kwa chupa ya soda, kichwa kimeinuliwa juu sana, ndama anakohoa, siku mbili tatu baadaye amekufa. Skani inaonyesha matawi ya hewa ya sehemu za mbele yamezibwa, wakati sehemu za nyuma bado zina hewa. Kama kilichomo ni mafuta ya kupikia, namba hushuka chini ya sifuri, na hapo hakuna ubishi.

Homa ya mapafu ya mbuzi mara nyingi hushika upande mmoja: pafu moja zito kama ini, na maji mengi kifuani upande huohuo. Ya ng'ombe nayo hupenda upande mmoja. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ni kinyume chake: mapafu yote mawili yamelowa, koromeo limejaa povu, na kwa kuwa ng'ombe ana kuta nene kati ya vijisehemu vya pafu, maji huzivimbisha na picha huonekana kama wavu wa kuvulia samaki. Wavu huo pamoja na tezi zilizovimba chini ya sikio na begani unatosha kukuelekeza, lakini si kuthibitisha. Chomeka sindano kwenye tezi, tandaza slaidi, paka rangi ya Giemsa, tafuta vimelea ndani ya chembe nyeupe.

Baadhi ya wataalamu huingiza mrija kooni na kuyajaza mapafu hewa kabla ya picha. Kwa maiti za binadamu inasaidia sana. Kwa ng'ombe na mbuzi wetu hatulipendekezi ila ukiwa na hakika hakuna kifua kikuu. Vitone vyeupe vyenye chokaa kwenye tezi za katikati ya kifua ni sababu tosha ya kuacha.

Pale skani inapomshinda mpasuaji

Mifupa, kwanza. Ndama aliyezaliwa kwa kuvutwa na watu wanne na kamba, akafa siku hiyohiyo: kisu kinaweza kupita mbavu zilizovunjika bila kuziona kwa sababu zimevunjikia chini ya misuli, karibu na pale mfupa unapoungana na gegedu. Skani huzionyesha zote, na huonyesha zimepangana kwenye mstari mmoja, ishara ya kubanwa kwenye nyonga ya mama. Huonyesha pia kama ndama alihema. Mapafu yasiyowahi kupokea hewa ni mazito kote. Yaliyohema yana hewa hadi pembeni, na mara nyingi kuna hewa tumboni pia. Ila kwa ndama aliyeanza kuoza jibu hilo halina thamani. Tumbo la nne likiwa na maziwa yaliyoganda, alinyonya, na huhitaji kubishana na mtu.

Pili, ubongo. Kulifungua fuvu la mbuzi kwa msumeno bila kuuponda ubongo ni kazi ya nusu saa na wengi huiharibu. Mbuzi aliyekuwa akizunguka upande mmoja na kuinamisha kichwa wiki kadhaa kabla ya kufa anaweza kuwa na kifuko cha mabuu ya tegu atokaye kwa mbwa. Kwenye skani ni mviringo safi wenye namba ya maji, wakati mwingine mkubwa kama yai, na mfupa wa fuvu juu yake umekuwa mwembamba. Ukishajua uko wapi, unakata pembeni yake na kukitoa kizima. Lakini usitegemee skani kwa kichaa cha mbwa wala kwa bakteria wa listeria: ubongo huonekana wa kawaida.

Tatu, vyuma. Risasi, kipande cha mtego, msumari, waya wa tairi lililochomwa. Kuhusu makavera, yaani mifuko ya plastiki, ambayo ng'ombe wa Kampala na miji mingine humeza kila siku, mtu hutegemea yaonekane wazi, na hayaonekani hivyo. Plastiki ni nyembamba na nyepesi. Unachokiona ni bonge lisilofanana na malisho, lenye gesi iliyonaswa kwenye mikunjo. Waya ulioviringwa ndani ya bonge hilo ndio unaowaka.

Na pale inaposhindwa, inashindwa kabisa. Mbuzi aliyekula majani ya muhogo mchungu ana skani safi; damu yake nyekundu mno ndiyo inayosema, na inabidi uione mapema. Dawa ya kupe iliyochanganywa na dawa ya mazao haionekani. Homa ya nguruwe ya Afrika huvimbisha wengu na kumwaga majimaji, lakini magonjwa mengine hufanya hivyo pia, na jibu liko maabara. Mbuzi aliyenyonywa damu na minyoo ana mwili uliojaa majimaji na damu nyepesi, ila kupekua kope ya jicho na kuiona nyeupe kama karatasi ni bure, na kunashinda mashine ya mabilioni ya shilingi.

Ng'ombe mzima

Kwa huyu kuna njia mbili. Ya kwanza ni ultrasaundi ya kupimia mimba, ambayo madaktari wengi wa mifugo tayari wanayo. Nyoa manyoya nyuma ya kiwiko cha kushoto, kati ya ubavu wa 4 na wa 5, mwagia spiriti, weka kipimio. Maji meusi yanayouzunguka moyo, yenye nyuzinyuzi zinazoelea, kwa ng'ombe aliyekuwa amevimba kidari na shingo, ni waya uliotoboa kutoka tumbo la pili hadi moyoni mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipimio cha megahezi 3.5 hufika ndani zaidi. Kile cha mkunduni cha 5 hadi 7.5 huona sentimita chache tu lakini mara nyingi zinatosha. Gesi ikishajaa chini ya ngozi, picha hupotea, fanya mapema.

Ya pili ni eksirei, na hapa tunapendekeza uifanye kinyumenyume. Mashine ndogo ya kubeba haiwezi kupenya tumbo la ng'ombe wa kilo 400. Kwa hiyo fungua mzoga, funga umio na tumbo la tatu kwa kamba, kata tumbo la pili peke yake, lile lenye ukuta wa vyumba kama sega la nyuki, liweke ndani ya mfuko, na upige picha hilo tu. Waya wa sentimita 3 uliojificha kwenye mkunjo, ambao mkono hauwezi kuupata katika tope la malisho, utaonekana kama nywele nyeupe. Umbali wa sentimita 100, kilovolti 60 hadi 70. Kwa kuwa hakuna kinachotikisika, tumia mkondo mdogo na muda mrefu. Udhaifu wa mashine unakuwa si kitu. Moyo na mapafu navyo vinaweza kutolewa vikiwa vimeshikana na kuwekwa kwenye beseni la plastiki kwa picha.

Mtu asishike mzoga wakati wa kupiga. Tumia mifuko ya mchanga. Ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 mionzi inapungua mara nne, na aproni yenye madini ya risasi haichukui nafasi ya umbali. Mashine zote za mionzi Uganda zinahitaji leseni ya Baraza la Nishati ya Atomu chini ya sheria ya 2008, na leseni hiyo haijali kama unayempiga picha ni mtu au mbuzi.

Baada ya picha

Picha ikishasomwa, kisu kinaingia kikijua kinakokwenda. Chukua sampuli pale picha ilipoonyesha tofauti, na pale ilipoonyesha sawa, ili maabara ilinganishe. Kwa darubini, vipande visizidi unene wa sentimita 1, kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa kipande. Kwa sumu, gramu 500 za malisho kutoka tumbo kuu na gramu 100 za ini, zigandishwe, zisiguse formalini, na kila kimoja kwenye chombo chake. Kwa virusi na bakteria, baridi bila kugandisha kama zitafika ndani ya siku moja au mbili kwenye maabara ya taifa Entebbe au chuo cha mifugo cha Makerere. Mahali ambapo skani ilionyesha usaha, ingiza sindano kabla ya kukata. Ukishakata, kila bakteria wa utumbo wameshahamia humo.

Ripoti ya bima inadai zaidi. Tangu mpango wa serikali wa bima ya kilimo ulipoanza mwaka 2016, wafugaji wengi zaidi wana sababu ya kutaka karatasi inayoeleza kifo, na madai mengi hukwama kwa sababu ndogo: namba ya hereni kwenye ripoti si ile ya kwenye picha. Hereni iliyovuliwa kwa ajili ya skani ipigwe picha ikiwa bado sikioni, ibandikwe nje ya mfuko, na namba yake ndiyo iwe jina la mgonjwa kwenye mashine, si "mbuzi" wala jina la mwenye mali.

Vipande 1,000 vya skani ni karibu megabaiti 500, kwa hiyo havitumwi kwa simu kirahisi, na hapo ndipo watu hupiga picha ya skrini na kuirusha WhatsApp. Picha ya skrini ina vivuli tu. Namba zimebaki hospitalini. Omba faili zenyewe za DICOM, yaani picha zikiwa na namba zake zote, kwenye flashi kabla hujaondoka, zifungue kwa programu ya bure kama 3D Slicer kwenye kompyuta ya kawaida, na uhakikishe palepale kwamba seti zote mbili zimo na lile bomba la maji linaonekana upande wa kushoto. Likionekana kulia, rudi kwa fundi usiku huohuo, mzoga ukiwa bado mezani.